Sululu, Korongo na Mito ya Mchanga: Vitabu vya Peter Matthiessen Mikononi mwa Mwongozaji wa Watazama Ndege

Septemba moja nilikuwa na kundi la waongozaji wapya wa watazama ndege mtoni Rufiji. Tulishinda kwenye boti kutwa nzima, maji yamepungua na kingo zimebaki uchi, na jioni mwanafunzi mmoja akanikabidhi daftari lake nilikague. Alikuwa ameandika: "Tumeona ndege wengi ukingoni." Nikamuuliza ndege gani. Keremkerem. Keremkerem wa namna gani? Wale wa paji jeupe. Walikuwa wakifanya nini? Wanaingia na kutoka kwenye mashimo waliyochimba ukutani mwa ukingo, wengine wanarudi na nyuki mdomoni. Yote hayo alikuwa nayo kichwani, ila karatasi haikupata kitu.

Usiku huo sikumpa kitabu cha utambuzi. Nilimpa nakala yangu ya *Sand Rivers* ya Peter Matthiessen.

Matthiessen alizaliwa New York mwaka 1927, akafariki mwaka 2014. Aliandika riwaya pia, na wapo wanaomjua kwa hizo. Mimi namjua kwa vitabu vya wanyamapori na safari, na nimevisoma jinsi seremala anavyopitisha kiganja juu ya meza iliyotengenezwa na seremala mwenzake. Ninachotafuta ni kimoja: je, huyu mtu anataja kiumbe kwa jina lake, mahali pake na siku yake? Mwandishi akitaja hivyo, kitabu chake kinaendelea kutufaa hata mwenyewe akiwa hayupo. Akituandikia "ndege wengi", basi ameturudisha nyumbani mikono mitupu.

Kitabu chake cha kwanza cha aina hii, *Wildlife in America*, kilitoka mwaka 1959. Kinaeleza viumbe vilivyopotea na vilivyopunguzwa Amerika ya Kaskazini tangu Wazungu walipoingia, kimoja baada ya kingine, nani aliua, kwa silaha gani, na nyama au ngozi iliuzwa wapi. Ni kitabu kizito. Anayetaka mandhari peke yake atachoka.

Ninachokipenda zaidi kati ya vile vya Marekani ni *The Shorebirds of North America* cha mwaka 1967, kitabu kikubwa chenye michoro ya Robert Verity Clem. Maelezo ya Matthiessen yalitolewa tena peke yake mwaka 1973 kwa jina la *The Wind Birds*. Hawa ndege wa upepo ni wale wa ufukoni, wenye miguu mirefu, wanaozaliana kaskazini kabisa kwenye baridi na kusafiri kusini mwaka baada ya mwaka. Sisi wa pwani tunawajua. Maji yakipwa, nenda kwenye matope ya mikoko ukaangalie: yule mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini ni sululu. Ni jina lile lile la chombo cha kuchimbia, na ukimtazama kwa darubini huhitaji kuambiwa sababu. Anatembea taratibu, anasimama, anauzamisha mdomo ndani ya tundu, anautoa na kaa, anamkung'uta mpaka miguu ya kaa idondoke, kisha anammeza. Sululu wetu wanatoka kaskazini mwa Ulaya na Asia. Wanaanza kuonekana Agosti na Septemba, na ifikapo Aprili wengi wameshaondoka, ingawa wale wachanga wengine hubaki mwaka mzima.

Sasa, ndani ya maelezo yale yumo ndugu yao wa Amerika, sululu mdogo aliyekuwa akizaliana Kanada ya Aktiki na kuvuka Atlantiki hadi nyika za Argentina. Aliruka kwa makundi makubwa, naye hakuwa mwoga wa watu. Njiwa-msafiri wa Marekani walipoadimika, wawindaji wa biashara wakamgeukia yeye. Mwaka 1962 alipigwa picha huko Galveston, Texas. Mwaka 1963 mmoja alipigwa risasi kisiwani Barbados. Tangu hapo hakuna uthibitisho mwingine. Kitabu kikachapishwa miaka minne tu baadaye, kwa hiyo mwandishi alikuwa akiandika juu ya ndege anayeondoka huku anamtazama. Kila ninaposoma kurasa hizo kisha nikaenda ufukoni, namhesabu sululu mmoja mmoja.

Sifa nyingine ya kitabu kile ni kwamba kiliandikwa kabla ya vifaa vya setilaiti. Leo tunajua ndege mmoja wa jamii hii aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania mwaka 2022, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Matthiessen hakuwa na hesabu hiyo. Alikuwa na taarifa za pete zilizofungwa miguuni mwa ndege, kumbukumbu za wanamaji na wawindaji, na subira ya kukaa ufukoni. Mengi aliyoyaeleza kuhusu upepo, mafuta mwilini na saa ya kuondoka bado yanasimama.

Lakini nirudi kwenye *Sand Rivers*, maana hapo ndipo kazi yake inapotugusa moja kwa moja. Alikuwa ameshakuja Afrika Mashariki zamani, na mwaka 1972 alitoa *The Tree Where Man Was Born*, kitabu kinachotembea kutoka Sudan hadi Tanzania: tembo wa Manyara akiwa na mtafiti wao Iain Douglas-Hamilton, Serengeti alikokuwa George Schaller akiwachunguza simba, Wahadzabe wa bonde la Yaeda. Ni kitabu kipana. *Sand Rivers*, cha mwaka 1981, ni chembamba na chenye kina. Kinahusu safari moja tu, ya mwaka 1979, ndani ya Selous, pori la akiba la kusini mwa Tanzania, pamoja na mpiga picha Hugo van Lawick na Brian Nicholson, aliyekuwa mkuu wa pori hilo zamani. Sehemu ya mwisho wanakwenda kwa miguu na wapagazi kusini, upande wa mito Luwegu na Mbarangandu.

Mito ya mchanga ni nini? Ni mito ambayo kiangazi hukauka juu, ikabaki barabara pana ya mchanga mweupe, huku maji yakipita chini. Tembo wanalijua jambo hilo. Wanachimba kwa mguu na mkonga, wanasubiri tundu lijae, wanakunywa, na wakishaondoka wanakuja wengine: nyani, ngiri, kanga, njiwa. Ukitaka kujua usiku kulikuwa na nani, soma mchanga asubuhi kabla jua halijapanda na upepo haujafuta nyayo. Matthiessen anaandika kwa mwendo huo wa kutembea. Anasikia kwanza, anaona baadaye, na jina la ndege linakuja pale anapokuwa na hakika nalo.

Thamani ya jambo hilo imeongezeka kwa sababu ya yaliyofuata. Sensa ya angani ya mwaka 1976 ilikadiria tembo zaidi ya 100,000 katika mfumo wa Selous. Miaka ya 1980 majangili waliingia kwa kishindo, mpaka serikali ikaendesha msako wa Operesheni Uhai mwaka 1989. Idadi ikapanda tena, kisha wimbi la pili likaja, na sensa ya mwaka 2014 ikakuta takriban tembo 15,000. Selous iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1982 ikawekwa mwaka huo wa 2014 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa hiyo tunaye mtu aliyepita pale kwa miguu tembo wakiwa bado kwenye idadi ya juu, faru weusi wakiwa bado wengi, akaandika kila siku alichokiona na alikiona wapi. Sensa inakupa idadi. Yeye anakupa nyayo, harufu ya kinyesi kibichi, na umbali uliokuwapo kati yake na mnyama.

Nina lawama pia, na siifichi. Katika *The Tree Where Man Was Born* wenye sauti ni watafiti na wakuu wa hifadhi, karibu wote wageni. Mtanzania anaonekana, ila ni mara chache anaachiwa aseme anachokijua. *Sand Rivers* inawasogeza karibu zaidi wapagazi na wafuatiliaji nyayo, lakini hata humo natamani ningesikia wao wanamwitaje kila ndege, na kwa nini. Majina hayo ni elimu. Mzee anayekuambia huyu ni kiongozi-asali amekueleza kazi ya ndege, anayekuita mpaka kwenye mzinga, kabla hujafungua kitabu chochote.

Hata hivyo majina yetu nayo yanahitaji kazi, na hapo *The Birds of Heaven* cha mwaka 2001 kimenisaidia sana. Ni safari za kuwafuata korongo wa dunia, aina 15, kutoka mto Amur hadi Mongolia, India, Korea na Afrika. Kwa Kiswahili "korongo" ni ndege wa makundi mawili tofauti, na tena ni bonde jembamba lililochimbwa na maji. Wageni wakiniuliza, naanza na sauti. Kundi moja, wale ambao Kiingereza huwaita "stork", halina mwito wa maana, linagonganisha mdomo tu. Kundi la pili, hili la Matthiessen, "crane" kwa Kiingereza, linapiga tarumbeta, kwa kuwa koo la wengi wao limejikunja ndani ya mfupa wa kifua. Korongo wetu mwenye taji, yule wa bendera ya Uganda, hana koo hilo refu. Ana mfuko mwekundu chini ya kidevu anaoujaza hewa. Na mtazame mguuni: kidole cha nyuma ni kirefu, kinashika tawi, ndiyo maana yeye na ndugu yake mweusi, anayepatikana kutoka Afrika Magharibi hadi Ethiopia, wanalala juu ya miti, jambo ambalo korongo wengine wa jamii hiyo hawafanyi. Leo anahesabiwa kuwa hatarini kutoweka, kwani mabwawa yanakaushwa kwa kilimo na vifaranga wanakamatwa kuuzwa.

*The Snow Leopard* cha mwaka 1978 ndicho kilichompa jina kubwa kuliko vyote. Alikwenda Nepal mwaka 1973 na Schaller yule yule wa Serengeti, na chui wa theluji hakumwona. Aliandika hivyo hivyo, hakumwona, wala hakumtengeneza. Mwongozaji anayejaribiwa kumwambia mgeni "yule pale" wakati hana hakika na asome hicho.

Mwanafunzi wangu alirudisha kitabu siku ya tatu, pamoja na daftari. Ukurasa mpya ulisema: "Rufiji, ukingo wa kushoto, saa 1:20 asubuhi. Keremkerem paji-jeupe, mashimo 43, nimehesabu mara mbili. Kenge anapanda kutoka majini. Wanampigia kelele. Amefika shimo la tatu kutoka chini."