Kabla ya kuhesabu kompyuta, fundisheni kipindi kimoja

Tulifika shuleni saa tatu kasorobo asubuhi, tukasaini kitabu cha wageni, tukanywa chai, kisha tukaomba kuona chumba cha kompyuta. Ufunguo haukuwepo. Mwalimu wa TEHAMA alikuwa ameitwa halmashauri tangu juzi yake, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Makamu mkuu wa shule akampigia, simu haikupatikana. Ikabidi tuchungulie dirishani: kompyuta 20, zimefunikwa vitambaa vya bluu vilivyopigwa pindo vizuri, na juu ya vitambaa vumbi la wiki kadhaa.

Kwenye dodoso la utayari wa kufundisha kwa mtandao tulilowatumia mwezi mmoja kabla, shule hiyo ilikuwa imepata alama kubwa kuliko zote tulizozitembelea msimu ule. Vifaa vipo, intaneti ipo, mwalimu mwenye shahada yupo, uongozi unaunga mkono. Hakuna aliyetudanganya. Ila siku ile, kipindi cha tano, Kidato cha Pili B wasingeweza kufungua hata ukurasa mmoja.

Kazi yangu ni kuwafundisha walimu matumizi ya TEHAMA, na sehemu ya kazi hiyo ni kuzipima sekondari zinazotaka kuanza kufundisha kwa mtandao. Wakuu wa shule na wajumbe wa bodi huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, sisi tuko tayari?" Siku hizi najibu kwa kuomba kipindi. Nipeni mkondo mmoja, mwalimu wa somo la kawaida, na mada iliyo kwenye azimio la kazi la wiki hii. Tukae nyuma ya darasa tuone.

Sisemi madodoso yatupwe. Yanatumika sana, na mengi yana ukoo mmoja: mwaka 2005 watafiti wawili wa Uturuki, Aydin na Tasci, walitunga kipimo cha utayari chenye maswali ya kujibiwa kwa alama 1 hadi 5, wakaweka 3.4 kuwa kiwango ambacho taasisi ikikifikia huhesabiwa kuwa tayari kuanza. Tangu hapo namba hiyo imesafiri sana, imeingia hadi kwenye tasnifu za vyuo vyetu. Kinachosahaulika ni kwamba kipimo kilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, na waliojibu walikuwa mameneja wa rasilimali watu. Kampuni haina mikondo minne yenye wanafunzi 80 kila mmoja.

Halafu kuna ubaya wa wastani. Chukua shule iliyopata 4 kwenye vifaa, 4 kwa walimu, 4 kwa wanafunzi, 4.5 kwa uongozi, na 1.5 kwenye umeme na mtandao. Jumla 18, gawa kwa 5, wastani 3.6. Imefaulu! Lakini umeme wa 1.5 hausaidiwi na uongozi wa 4.5. Umeme ukikatika, mkuu wa shule hata awe na ari ya namna gani, skrini zitabaki nyeusi. Kwa hiyo ripoti zangu haziandiki wastani. Naandika alama ya chini kabisa, na naiandika mwanzoni.

Tuanze na hiyo ya umeme na mtandao, maana hapa hesabu ni rahisi na watu wachache huifanya. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula kama wati 120. Zikiwa 20 ni kilowati 2.4. Ziwake saa nne kwa siku, siku 20 za masomo, unapata uniti 192 kwa mwezi. Chukua risiti ya LUKU ya mwezi uliopita, angalia bei ya uniti, zidisha, kisha muulize mhasibu fedha hiyo itatoka fungu gani. Kompyuta mpakato zinazokula wati 40 zingetumia uniti 64 kwa kazi ileile. Tofauti hiyo hulipwa kila mwezi, lakini siku ya kupokea msaada wa kompyuta za mezani zilizotumika Ulaya, na wageni wa heshima wamekaa meza kuu, nani ataisema?

Mtandao nao. Video ya ubora wa kawaida wa simu huhitaji karibu megabiti 0.7 kwa sekunde. Ukipima kasi shuleni ukakuta megabiti 3, ujue kompyuta nne ndizo zitakazoonyesha bila kukwama. Ya tano itazungusha kile kiduara mpaka kengele. Pima saa nne asubuhi siku ya kazi, usipime Jumapili jioni uwanja ukiwa mtupu. Video hiyo ikiwa ya dakika kumi ina kama megabaiti 50 (megabaiti moja ni megabiti nane). Wanafunzi 20 wakiifungua kila mmoja kwenye kompyuta yake, bando la gigabaiti moja limekwisha kwa kipindi kimoja cha mkondo mmoja. Mwalimu akiipakua mara moja tu usiku, akaiweka kwenye seva ndogo ya shule, yaani kompyuta inayotunza mafaili na kuyagawa kwa nyingine, darasa zima linaiangalia kupitia ruta ya ndani kwa zile megabaiti 50 za kwanza.

Ndiyo maana huwa nawaambia wakuu wa shule kwamba kusoma kwa mtandao si lazima kuwe kusoma kwa intaneti. Mtandao wa ndani ya shule ni mtandao. Kuna programu ya kujifunzia ya Kolibri, ya bure, iliyotengenezwa mahsusi kwa mahali pasipo na intaneti ya uhakika. Kuna Moodle, programu ya kuendeshea masomo na mazoezi, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2002, ambayo nayo ni ya bure na inaweza kukaa kwenye kompyuta ya shule yenyewe. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inatosha kubeba kazi hiyo kwa darasa moja, na hula umeme usiofikia wati 10, mzigo ambao sola ndogo huubeba bila shida. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na kuvifikia lazima uwe na intaneti, basi panga siku ambazo mwalimu mmoja atavifuata. Walioona Mei 2024 wanaelewa. Tarehe 12 mwezi ule mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa kusini, na intaneti nchini ikazorota kwa siku kadhaa. Shule iliyokuwa na seva yake ndani iliendelea na vipindi.

Sasa kipindi chenyewe. Nitasimulia kimoja, katika shule nyingine, Baiolojia Kidato cha Pili, mada ya mzunguko wa damu. Kipindi cha mara mbili, dakika 80. Wanafunzi 62, kompyuta 20 zilizowaka 17. Nilikaa nyuma na saa.

Kutoka darasani hadi chumba cha kompyuta na kuvua viatu mlangoni: dakika tisa. Hilo la viatu lilinishangaza, lakini ndiyo sheria ya chumba. Kugawana viti, wanne kwa kompyuta, na ugomvi mdogo wa nani ashike kipanya: dakika sita. Kuwasha mashine: dakika nne, isipokuwa mbili zilizoanza kujisasisha zenyewe na hazikurudi hadi tunaondoka. Kisha likaja la kuingia kwenye mfumo. Mwalimu alikuwa ameandaa majina na nywila za wanafunzi, kila moja ndefu, yenye herufi kubwa, namba na alama. Dakika 21 zilipotea hapo. Mwanafunzi mmoja alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani mwalimu, hii a yenye mkia iko wapi?" Nikamwonyesha kitufe cha 2, chenye alama ya @. Akakibonya, ikatoka 2. Hakuwahi kufundishwa kushikilia shifti. Simu ya mama yake anaiendesha vizuri sana, lakini kibodi ya kompyuta alikuwa anaigusa mara ya nne maishani.

Jumlisha: dakika 40 zimekwenda, kipindi kimoja kizima. Zilizobaki zilikuwa nzuri kwelikweli. Moyo ulidunda kwenye skrini, watoto wakaweka vidole kwenye mshipa wa mkono na kuhesabu mapigo, mmoja akauliza kwa nini damu ya kwenye veni imechorwa bluu. Mwalimu yule ni hodari. Lakini kama tungempa dodoso peke yake tungeandika "mwalimu ana ujuzi: 5", tusiijue ile nywila.

Dawa yake haikuhitaji bajeti. Nywila zikawa neno moja la Kiswahili na namba mbili. Kompyuta zikawashwa na viranja wa TEHAMA wakati wa mapumziko. Darasa likagawanywa mara mbili, nusu chumbani, nusu darasani na zoezi la kitabu, wanabadilishana baada ya kipindi cha kwanza. Viatu sikuvigusa, ni mambo ya wenyewe.

Kwa upande wa walimu, swali la "unaweza kutumia kompyuta?" halina maana. Kila mtu ataitikia, nani akubali kuonekana mshamba mbele ya mkuu wake? Mpe kazi. Mwambie: tafadhali weka faili hili mahali ambapo wanafunzi wote watalipata kesho, tunga maswali matano yanayojisahihisha, kisha nionyeshe nani amejibu. Akifanya, andika. Asipofanya, umeshajua mafunzo yaanzie wapi. Angalia pia mzigo wake wa vipindi kwa wiki, kwa sababu somo la mtandao la dakika 40 huweza kula jioni nzima kuliandaa mara ya kwanza. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu. Uliza kiko wapi, kinachajiwa wapi, na mara ya mwisho kimefungua nini. Na jambo ambalo kwangu ni la uzito kuliko yote hayo: siku mwalimu wa TEHAMA akihamishwa, nani anabaki anajua nywila ya seva?

Wanafunzi wanapimwa kwa kuulizwa habari za jana. Usimwulize kama nyumbani kuna simu janja. Mwulize jana usiku alishika simu ya nani, saa ngapi, kwa muda gani, na bando alilipa nani. Somo hili tulilipata mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi 17. Kidato cha Sita walirudi Juni 1, waliobaki Juni 29. Katika muda huo kazi nyingi zilitumwa kwa WhatsApp kwenye simu za wazazi, na simu ya mzazi hushinda na mzazi sokoni au kijiweni. Ikirudi saa mbili usiku ina asilimia 10 ya chaji, na wadogo watatu wanaigombea. Wasichana wengi walikuwa bado jikoni. Na kwa kuwa mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, mpango wowote unaotegemea simu yake mwenyewe mchana unakufa kabla ya kuanza. Shule ya bweni ina faida moja hapa: chumba cha kompyuta kinaweza kufunguliwa jioni, chini ya mwalimu wa zamu.

Kuna kikwazo kingine ambacho sijakiona kwenye dodoso lolote nililopewa, nacho ni lugha. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza na masomo yanageuka Kiingereza. Darasani mwalimu humwokoa, anachanganya, anatafsiri, anatania. Video haifanyi hivyo. Mzungumzaji anakwenda mbio kwa lafudhi ya kwao, na mtoto anatazama picha. Basi jaribu hivi: mwoneshe dakika tatu za somo, zima, mwambie akueleze kwa lugha anayoitaka. Asipoweza, maudhui hayo hayajawa tayari kwa mtoto huyo, hata kama kompyuta ni mpya. Pengine unachohitaji ni mwalimu wa shule hiyohiyo kujirekodi kwa simu yake akieleza mada ileile.

Wanaoamini kifaa kitajitosheleza wana mfano wa Peru. Nchi hiyo ilisambaza kompyuta mpakato kwa watoto vijijini, moja kwa kila mtoto. Utafiti uliofanyika katika shule za msingi 319 ulikuta idadi ya kompyuta kwa mwanafunzi ilipanda kutoka 0.12 hadi 1.18, lakini matokeo ya hisabati na lugha hayakusogea. Intaneti shuleni karibu haikuwepo kabisa, na namna ya kufundisha ilibaki vilevile.

Mengine mawili kwa haraka. Ukifungua akaunti za wanafunzi unakusanya majina, tarehe za kuzaliwa na alama za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Mzazi aombwe ridhaa, na orodha ya nywila isibandikwe ukutani kama ratiba ya usafi. La pili ni fedha ya mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza mfadhili yupo. Mwaka wa pili betri za inveta zinachoka, bando linaisha, vipanya vinatafunwa. Kama bodi ya shule haina mstari wa gharama hizo kwenye bajeti, andika hivyo, na uandike kwa wino.

Ripoti ninayoiacha shuleni siku hizi ni kurasa mbili. Haisemi shule iko tayari au haiko. Inasema, kwa mfano: Baiolojia na Jiografia, Kidato cha Pili, nusu ya mkondo kwa zamu, kwa seva ya ndani, Jumanne na Alhamisi, inawezekana kuanzia muhula huu. Hisabati ya Kidato cha Nne kwa mazoezi ya nyumbani, bado, kwa sababu hizi. Kila sababu ina jina la mwenye kuishughulikia.

Ile shule ya ufunguo, pendekezo la kwanza lilikuwa kuchonga ufunguo wa pili, uning'inizwe ofisi ya taaluma na daftari la kusaini. Walicheka. Tuliporudi muhula uliofuata, ufunguo ulikuwa msumarini na daftari lilikuwa limejaa kurasa sita. Aliyesaini mara nyingi kuliko wote alikuwa mwalimu wa Historia, ambaye kwenye dodoso alijipa alama 2. Vitambaa vya bluu vilikuwa vimekunjwa kabatini. Vipanya vitatu vilikuwa vimepotea, na makamu mkuu alikuwa anatutazama kama sisi ndio tuliovichukua.