Je, wajua kwa nini Kilwa ziko tatu?

Shemeji yangu alitoka Dodoma kuja kututembelea. Akashuka njia panda ya Nangurukuru, akamwambia kijana wa bodaboda, "Nipeleke Kilwa." Baada ya muda akapiga simu: "Nimefika! Naona bahari na magofu." Mke wangu akashtuka. "Magofu? Dada, umevuka na chombo gani?"

Wala hakuwa amevuka maji. Yeye alikuwa Kilwa Kivinje, sisi tunamsubiri Kilwa Masoko, na mke wangu kashaamini dada yake yuko Kilwa Kisiwani. Zote Kilwa, zote mkoa wa Lindi.

Iliyotangulia ni ya Kisiwani. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, enzi ambazo dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, iliineemesha Kilwa, na mwaka 1505 Wareno wakaivamia. Karne ya 19 biashara ikanoga zaidi Kivinje, huku bara, ambako misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia. Wajerumani nao wakaweka boma lao hapo, ndiyo maana hata Kivinje mgeni hakosi magofu ya kushangaa. Siku hizi makao ya wilaya yako Masoko, inayotazamana na kile kisiwa; kuvuka ni kama kilomita 2 tu.

Kwa hiyo ukubwa ulihama, jina likahama nao, lakini hakuna mji uliokubali kulivua.

Kinachotuponza hasa ni ufupisho. Mgeni husema "Kilwa", basi. Mwenyeji hulitupa hilo hilo Kilwa, akabaki na "Kivinje" au "Masoko". Mama mkwe wangu, kila akipiga simu akaambiwa tuko Masoko, kwa muda mrefu aliamini tunauza kitu. Siku moja aliuliza kwa upole, "Na jioni huwa mnafunga saa ngapi?"

Turudi kwa shemeji. Nilimwomba ampe simu yule kijana. Nikamuuliza imekuwaje.

"Kaka, kasema Kilwa, nimempeleka Kilwa."

"Sisi tuko Masoko."

"Ah, Masoko!" Akanyamaza kidogo, nadhani anapiga hesabu ya zile kilomita karibu 30. "Sasa hiyo ni nauli nyingine."