Maji ya kunywa na maji ya bustani Arusha: maswali na majibu

Tunachemsha maji kila siku. Mbona meno ya mtoto yameota na madoa ya kahawia?

Kuchemsha kunaua vijidudu, na msiache. Ila madoa ya namna hiyo huku kwetu mara nyingi huletwa na floraidi, madini ambayo maji huyabeba yanapopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Haina rangi wala harufu, na moto hauiondoi. Sufuria ikiachwa inatokota muda mrefu, maji hupungua na floraidi hubaki ileile, hivyo kila kikombe kinakuwa na nyingi zaidi. Kwa mwinuko wa Arusha mjini, maji yakishachemka kwa nguvu dakika 1 inatosha. Zima jiko.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka Meru vinakipita. Meno huharibika yangali yanajengeka ndani ya ufizi, tangu utotoni hadi kama miaka 8, ndiyo maana mswaki haufuti madoa hayo. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huumiza hata mifupa. Angalieni pia magadi ya kulainishia makande: nayo huwa na floraidi, na mtoto anakula chungu kimoja na ninyi. Makande yaliyolowekwa usiku kucha hulainika bila magadi.

Tuna chujio la ndoo mbili lenye mishumaa. Halitoshi?

Linatoa tope na vijidudu vingi. Floraidi inapita. Inayoizuia ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kitaalamu, teknolojia ambayo kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, kimeifanyia kazi kwa miaka mingi, au mashine inayosukuma maji kwa presha kwenye utando mwembamba sana. Mkaa huo huchoka, na ulimi hauwezi kukuambia umechoka lini, kwa hiyo peleka sampuli maabara ya maji mara kwa mara. Mashine ya utando nayo hutoa maji ya kumwaga. Yakinge, yanafaa kudekia na kufulia.

Tumekinga mvua kwenye simtanki la lita 2,000. Tumwagilie nayo mchicha?

Hapana, tafadhali! Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, ndiyo dawa rahisi kuliko zote. Piga hesabu: mtu mmoja akitumia lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, watu watano wanatumia 25, na tanki hilo linawafikisha siku 80. Mpira unaotoa lita 15 kwa dakika ukiachwa wazi nusu saa umekunywa lita 450, yaani siku 18 za familia nzima. Bati la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hukinga hadi lita 1,000, kwa hiyo masika yakianza acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha elekeza gata kwenye tanki. Funika vizuri mbu wasitage, na maji ya kunywa uyachemshe au uyatie dawa, maana ndege hupumzika juu ya bati.

Bustani ipewe maji ya bomba au ya kisima, na migomba ipewe ya kuogea. Mwagilia alfajiri au jioni, kwenye shina, kisha tandaza majani makavu ya mgomba juu ya udongo.

Kuna ubaya mpira wa bustani ukiachwa ndani ya pipa?

Upo. Presha ikishuka, bomba linaweza kuvuta maji ya pipa, pamoja na mbolea au dawa ya wadudu iliyomo, hadi kwenye maji ya kunywa ya nyumba yako na ya jirani. Mdomo wa mpira ubaki juu ya maji daima.

Mboga zinazomwagiliwa kwa maji ya mto ni salama?

Mto unaopita mjini, kama Themi, hubeba uchafu wa mji. Mboga za hapo zipikwe. Za kachumbari zimwagilie chini, zisilowe majani, na uzioshe kwa maji yaleyale unayoyaamini kwa kunywa.