Sungura kwenye kopo la losheni

Baridi ya Julai ikishika Mbeya, visigino vinapasuka na midomo inakauka. Hapo dukani kwetu Mwanjelwa kila mtu anageuza kopo kusoma mgongoni. Nayajibu hapa maswali yanayojirudia.

Huyu sungura aliyechorwa ana maana gani?

Kwamba losheni haikujaribiwa kwa wanyama, basi. Hasemi kama itakufaa. Tena kuna sungura na sungura. Alama ya Leaping Bunny, yaani sungura anayeruka, hutolewa kwa masharti, na mpaka wanaoiuzia kampuni malighafi hufuatiliwa. Sungura mwingine kachorwa tu na mtengeneza lebo. Wapo pia wanaoandika "haikujaribiwa kwa wanyama" wakimaanisha losheni iliyokamilika, wakati viungo vyake vilishajaribiwa zamani.

Kwani wanyama hao wanafanywa nini?

Kipimo kilicholalamikiwa zaidi ni cha Draize, cha mwaka 1944, chenye jina la mtaalamu wa Marekani aliyekibuni. Sungura hubanwa kwenye kisanduku, kichwa tu kikiwa nje, asiweze kujifuta. Jicho moja linadondoshewa kinachopimwa, la pili linaachwa la kulinganishia. Mpimaji anarudi baada ya saa 24, 48, 72, anaandika wekundu, uvimbe, ukungu kwenye jicho. Wewe sabuni ikikuingia unakimbilia maji. Yeye machozi yake yenyewe ni machache.

Nisiwaonee waliokianzisha. Miaka ya 1930 rangi ya kope iitwayo Lash Lure ilipofusha wanawake Marekani, na watu walidai vipimo kwa haki kabisa.

Bila sungura watajuaje kama inachoma?

Kwa jicho la ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama. Linachukuliwa machinjioni likiwa bichi, ile ngozi angavu ya mbele inatolewa na kupakwa kemikali, kisha wanapitisha mwanga waone imefifia kiasi gani. Ipo pia ngozi ya binadamu inayooteshwa maabara. Ndiyo maana mimi naona kisingizio cha "hakuna njia nyingine" kimeshachakaa, hasa kwa rangi ya mdomo. Umoja wa Ulaya ulikataza kujaribu vipodozi vilivyokamilika mwaka 2004, viungo mwaka 2009, na tangu Machi 2013 umekataza hata kuuza vilivyojaribiwa kwingine. India ilikataza majaribio hayo mwaka 2014.

Na hapa kwetu?

Vipodozi vilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na tangu 2019 viko TBS, shirika la viwango. Ukatili kwa wanyama una sheria yake, ya 2008.

Krimu yangu ya kung'arisha ina sungura. Nitumie?

Dada mmoja aliniletea kopo la namna hiyo. Sungura yupo, viungo havijaandikwa, kiwanda hakijulikani. Chini kabisa, kwa herufi za kusomea miwani: usivae dhahabu wala fedha unapopaka. Nikamuuliza kama ana ndugu Chunya. Anaye, mchimbaji. Basi muulize anakamatia dhahabu kwa kitu gani, nikamwambia. Akajibu mwenyewe: zebaki.

Onyo la vito ni dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki hushikana na dhahabu. Ikipita kwenye ngozi inaharibu figo, na mtoto unayembeba anaipata. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, haziruhusiwi kwenye vipodozi Tanzania, iwe kopo lina sungura au twiga. Kama umeshaitumia muda mrefu, nenda hospitali wakupime mkojo na figo, na usione haya kusema ni mkorogo.

Losheni mpya niijaribuje?

Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, usubiri siku mbili kabla ya kuipeleka usoni. Ikiwasha, osha kwa maji mengi na uache. Ukija kuniuliza, njoo na kopo lenyewe. Picha ya simu haionyeshi zile herufi za chini.