Kwa nini mshauri wa ndoa hakuandikii barua ya kesi ya mtoto?

Tuseme mke na mume wa Lamu wamekwenda kwa mshauri miezi sita. Siku moja mume alilia, akakiri mbele ya mkewe kwamba akirudi baharini mikono mitupu, hasira humshinda. Haikusaidia, talaka ikatoka. Sasa mke yuko mlangoni kwa mshauri, faili la plastiki kwapani: "Mama, wewe ulimsikia kwa masikio yako. Niandikie niipeleke mahakamani, nipewe wanangu."

Mshauri anakataa. Wengi huona ni roho ngumu, na mimi nasema si hivyo kabisa.

Mume yule alikiri ili aokoe ndoa yake, wala hakudhani anajitolea ushahidi. Kanuni za AAMFT, chama cha Marekani cha washauri wa ndoa na familia, zinasema siri za waliokuja pamoja hazitolewi nje mpaka kila mmoja aridhie kwa maandishi. Ridhaa ya mke peke yake haitoshi. Kanuni hizo pia zinatenganisha kazi ya kutibu familia na kazi ya kupima nani apewe malezi, na hapa ndipo penye uzito. Mshauri amewaona wazazi wakivutana. Hajui nani humwamsha mtoto kwenda chuoni, nani humkorogea uji, nani hukesha naye akishikwa na homa. Barua yake ingekuwa kubahatisha kwenye karatasi yenye muhuri, na anayebahatishiwa ni mtoto.

Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Ndiyo maana mahakama huweza kumtuma afisa wa watoto aende nyumbani, aone, aulize, kisha aandike ripoti.

Pagumu ni pale mshauri anaposikia kwamba mtoto anaumizwa. Hapo hanyamazi, hata kama siri itavunjika. Mahakama nayo ikimwita kwa amri, hawezi kujifanya hakusikia. Mshauri mwema huyasema haya siku ya kwanza, kabla mtu hajafungua moyo.

Yule mama basi atakaribishwa akae, apewe maji, aelekezwe kwa afisa wa watoto. Na mume akiridhia, mshauri ataandika tarehe walizohudhuria, bila neno lolote juu ya nani mzazi bora.