Lengo la somo likisemwa na mwanafunzi

Nafundisha Jiografia Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kwa miaka mingi niliandika lengo la somo ubaoni, wanafunzi wakalinakili, tukaendelea na kipindi. Kwenye andalio langu lengo lilikaa vizuri, ila vichwani mwao halikukaa.

Nililiona hilo Kidato cha Kwanza, siku ya mada ya mvua za milima. Lengo lilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia sekondari, na darasa zima lilikuwa limelisoma kwa sauti moja. Nikamuuliza binti mmoja wa dawati la nyuma: leo tunajifunza nini? Akasimama. "Milima, mwalimu." Alishika neno alilolijua, mengine yakampita.

Nikawaambia waandike upya kwa Kiswahili, kila mmoja kwa maneno yake, wakianza na "Kipindi kikiisha nitaweza…" Wengi waliandika "kujua mvua za milima". Hapo ndipo penye kazi. Kujua hakuonekani kwa macho, kwa hiyo nikamuuliza yule binti: nitajuaje kwamba umejua? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nitachora mlima, nionyeshe upepo wenye unyevu unavyopanda na kupoa, nieleze kwa nini Marangu kunanyesha sana na Rongai, nyuma ya mlima, ni pakavu." Hilo ndilo lililokuwa lengo langu, tena lake lilikuwa wazi kuliko langu.

Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, na wenzake, walipopanga malengo ya elimu kwa ngazi mwaka 1956, waliuweka uwezo wa kulisema jambo kwa maneno yako katika ngazi ya ufahamu, juu ya kukumbuka tu. Kwa hiyo dakika tano za kuandika sentensi hiyo si za kupasha moto. Mwanafunzi tayari anajifunza.

Tahadhari mbili. Kubadilisha "kueleza" kuwa "kufafanua" ni kubadilisha neno tu. Mwanafunzi anaweza kufanya hivyo bila kuelewa chochote. Muulize mfano, na akikosa mfano ujue bado. Ya pili ni ngumu zaidi kwetu walimu: usiisahihishe sentensi yake papo hapo. Ukishaisahihisha, wote watafuta zao na kuandika yako. Mimi huwaachia wasomeane wawili wawili, kwa sababu darasa la wanafunzi 70 siwezi kulizunguka lote, kisha nasikiliza sentensi tatu au nne na kuuliza swali lile lile: utanionyeshaje?

Kiingereza kinarudi baadaye, kwa kuwa mtihani utaandikwa kwa lugha hiyo. Kinapopata wazo la kushika, hakiwasumbui sana.

Dakika tano za mwisho wanafungua daftari na kuisoma tena sentensi yao. Siku ile yule binti aliongeza mshale mmoja kwenye mchoro wake, hewa ikishuka upande wa Rongai na kupata joto. Sikuwa nimemwambia auweke.