AIG 2008: Kampuni ya bima inavyoweza kuishiwa fedha bila ajali wala moto

Wengi huamini kampuni ya bima huanguka pale madai ya moto, ajali na vifo yanapozidi ada zilizokusanywa. Kwa makundi makubwa yanayochanganya bima na biashara nyingine za fedha, hatari mara nyingi ni uhaba wa ukwasi: mali zipo vitabuni, lakini fedha taslimu za kulipa leo hazipo. Hilo ndilo lililoikuta AIG ya Marekani. Tarehe 16 Septemba 2008 Benki Kuu ya nchi hiyo iliikopesha dola bilioni 85, na serikali ikapata haki ya umiliki wa asilimia 79.9.

Nchini Marekani bima husimamiwa na majimbo, utaratibu uliowekewa msingi na sheria ya McCarran-Ferguson ya 1945. Mkaguzi wa jimbo hutazama kampuni tanzu (kampuni inayomilikiwa na kampuni mama) yenye leseni: imetenga akiba kiasi gani kwa ajili ya madai, imewekeza wapi, bima mtawanyo (bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hukata kwa kampuni nyingine) ikoje, gawio gani linapelekwa kwa kampuni mama. Lakini ndani ya AIG kulikuwa na kitengo kingine, AIG Financial Products, kilichofanya kazi London na Connecticut. Kiliuza mikataba ya kuzikinga benki dhidi ya hati fungani (hati za mkopo zinazouzwa sokoni) kutolipwa, zikiwemo zilizotokana na mikopo ya nyumba. Kwa maana ya kiuchumi hiyo ni kinga kama bima. Kisheria haikuhesabiwa kuwa bima, kwa hiyo sharti la kutenga akiba halikuigusa.

Kilichouma hasa ni kifungu cha dhamana. Bei ya hati ikishuka, au alama ya ukopeshekaji ya AIG (kipimo cha uwezo wake wa kulipa madeni) ikishushwa, AIG ilitakiwa kukabidhi dhamana kwa benki hata kabla hati yenyewe haijashindwa kulipwa. Chukua mfano rahisi: hati ya dola milioni 100 sasa sokoni inauzwa kwa milioni 70. Benki inadai dhamana ya takriban milioni 30, na inaitaka ndani ya siku chache. Septemba 15, siku benki ya uwekezaji ya Marekani, Lehman Brothers, ilipoomba kufilisika, alama ya AIG ilishushwa, na madai ya dhamana yakaja yote kwa pamoja.

Kampuni tanzu za bima nazo hazikuwa salama kabisa. Baadhi ya zile za bima ya maisha ziliazimisha hati zao, zikapokea fedha taslimu, kisha fedha hizo zikawekezwa kwenye hati za mikopo ya nyumba. Walioazima walipozirudisha hati za kampuni hizo na kudai fedha zao, hati za nyumba hazikuuzika ila kwa hasara kubwa.

Nani alilitazama kundi zima? Ofisi ya kusimamia benki za akiba, kwa sababu tu AIG ilimiliki benki ndogo ya aina hiyo. Ofisi hiyo haikuwa na uzoefu wa kutosha kwa kundi la ukubwa ule. Ilifutwa chini ya sheria ya Dodd-Frank ya 2010, iliyounda pia baraza la uthabiti wa fedha lenye uwezo wa kuliweka kundi la bima chini ya usimamizi wa Benki Kuu. AIG iliwekwa 2013, ikaondolewa 2017. MetLife, kundi jingine la bima la Marekani, ilipinga kuwekwa huko mahakamani na kushinda 2016. Kwa maoni yetu, kuacha kulitazama kundi zima ni kurudi kwenye pengo lilelile.

Ulaya, kanuni za Solvency II zilizoanza 2016 hudai mtaji wa kuhimili hasara ambayo uwezekano wake ni 1 kati ya 200 kwa mwaka, na kundi zima hukokotolewa pamoja na kila kampuni.

Kwa mwenye bima, popote alipo: soma jina kamili la kampuni iliyotia saini hati yako ya bima, kwani anayewajibika kukulipa ni kampuni hiyo. Nembo ya kundi juu ya karatasi haina maana kwamba kampuni mama imekudhamini. Kisha hakiki leseni ya jina hilohilo kwa msimamizi wa bima wa nchi yako, yaani TIRA kwa Tanzania au IRA kwa Kenya na Uganda, kabla ya kulipa ada. Ukipitia kwa wakala, hakikisha naye amesajiliwa, na dai stakabadhi yenye jina la kampuni ya bima.